Spicer-Simson na vita vya ziwa letu



Wengi wetu hapa Uvira tunaijua meli ya Liemba. Mwaka 1997, watu wetu waliokuwa wamekimbilia Tanzania walipoanza kurudi, ni meli hiyo iliyowabeba. Ilisafiri mara nyingi kati ya Kigoma na Uvira, na watu zaidi ya 75,000 walirudi kwa njia hiyo. Walishuka na mizigo yao, na sufuria, na watoto mgongoni. Kati yetu kuna watu wazima leo ambao safari yao ya kwanza ya meli ilikuwa hiyo.

Lakini Liemba haikutengenezwa kwa kubeba wakimbizi. Ilizaliwa ikiwa na jina lingine, na ilipewa mzinga mkubwa. Ilikuja ziwani kwa sababu mataifa ya Ulaya yaliyogawana inchi zetu yalishindwa kukaa kwa amani katika kile walichogawana. Ili tuelewe jambo hilo, tutazame maisha ya mtu mmoja aliyetumwa kutoka London kuja kupigana katika ziwa letu. Jina lake ni Geoffrey Spicer-Simson.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia. Alipokuwa mtoto jamaa yake ilihamia Ufaransa, na hapo akajifunza Kifaransa vizuri. Akiwa na miaka kama 14 aliingia katika jeshi la majini la Uingereza. Alifanya kazi ya kupima mito na pwani: huko Borneo, huko China kwenye mto Yangtze, na huko Gambia, Afrika ya magharibi. Kazi ya vipimo aliiweza.

Kazi ya kuongoza watu ilimshinda mara nyingi. Alipenda kusimulia mambo makubwa aliyoyafanya, na mengine hakuyafanya. Alikuwa na michoro ya nyoka na vipepeo juu ya ngozi yake na aliionyesha kwa furaha. Aliharibu vyombo, akashitakiwa mbele ya wakubwa wake, na wenzake wakapanda cheo huku yeye akibaki nyuma. Novemba 1914, meli ya kivita Niger, iliyokuwa chini ya usimamizi wake, ilizamishwa na Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza; yeye mwenyewe hakuwa ndani, alikuwa nchi kavu. Baada ya hapo akawekwa ofisini kushughulika na karatasi. Hivi ndivyo alivyokuwa, mwenye miaka 39, wakati ziwa letu lilipoingia katika maisha yake.

Tuache kwanza habari zake turudi nyumbani.

Mwaka 1885 mambo mawili yalitokea. Huko Berlin, wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wao juu ya Afrika na kutia sahihi mkataba. Ndani yake waliandika kwamba inchi za bonde la Kongo zingeweza kubaki nje ya vita, hata kama wenye kuzitawala wangegombana Ulaya. Mwaka huohuo, huku kwetu, wamisionari wa Shirika la Misheni la London walishusha majini meli ya kwanza ya mvuke katika Ziwa Tanganyika. Ilikuja vipande vipande kwa njia ya ziwa Nyasa, ikibebwa na watu. Jina lake lilikuwa Good News, yaani Habari Njema.

Miaka 30 haikupita kabla ahadi ile ya Berlin haijavunjika. Wajerumani walikuwa upande wa mashariki: Burundi, Rwanda na Tanganyika. Wabelgiji walikuwa upande wetu. Kwa miaka mingi walibishana juu ya Ruzizi na Kivu, kila mmoja akisimamisha vituo vyake na kumwambia mwenzake aondoke. Mwaka 1910 walikubaliana huko Brussels kwamba mto Ruzizi ndio mpaka na kwamba kisiwa cha Idjwi ni cha Kongo. Watu wa bonde, waliokuwa wakivuka mto kwenda kuoa na kuuza, hawakuulizwa neno.

Agosti 1914 vita vilianza Ulaya. Wabelgiji walitamani kwanza Kongo ibaki nje ya vita, kama mkataba ulivyoruhusu. Lakini Wajerumani walikuwa na nguvu ziwani na walitaka kuzitumia mapema. Tarehe 15 Agosti waliufikia ufuo wetu mahali palipoandikwa Mokolobu, karibu na Uvira. Waliharibu mitumbwi wakakata waya wa simu. Tarehe 22 Agosti meli yao Hedwig von Wissmann ilipiga mizinga bandari ya Lukuga, pale Kalemie ya leo, ikaiharibu meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Septemba waliteka Idjwi.

Tuangalie vizuri: katika mambo ya kwanza yaliyovunjwa na vita hivi huku kwetu ni mitumbwi ya wavuvi. Si ngome, si ghala la bunduki. Mtu aliyekuwa akitafuta ndagala usiku aliamka akakuta chombo chake kimevunjwa kwa ugomvi wa miji asiyoijua.

Tangu hapo Wajerumani walikuwa mabwana wa ziwa. Walikuwa na Hedwig na chombo kingine kidogo, Kingani. Tena huko Kigoma walikuwa wanaunganisha meli kubwa iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa katika maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani. Waliiita Graf von Götzen, kwa jina la gavana wao wa zamani, yule aliyetawala wakati wa vita vya Maji Maji. Ilishushwa majini Februari 1915. Kwa meli hizo waliweza kuhamisha askari kwenda popote, na Wabelgiji hawakuweza kuvuka.

Hapo ndipo mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, aliyeijua inchi hii, alipokwenda London na wazo la ajabu: kuleta motaboti mbili kutoka Uingereza na kuzipitisha katikati ya Kongo hadi ziwani. Wakubwa wa jeshi la majini walikubali. Walihitaji ofisa wa kuongoza, mwenye kujua Kifaransa na mwenye kujua Afrika kidogo. Maofisa wazuri walikuwa baharini. Aliyebaki karibu alikuwa Spicer-Simson.

Boti zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, za mbao nyepesi, zenye mbio sana. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wakakataa. Ndipo akazipa majina ya Mimi na Toutou, na wakubwa wakakubali bila kuelewa kwamba kwa Kifaransa cha watoto majina hayo yana maana ileile, nyau na hau-hau. Ndugu zetu wanaojua Kifaransa watacheka. Hivi ndivyo vyombo vya vita vilivyotumwa kuamua mambo ya ziwa letu.

Kundi lake la watu 28 liliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915. Walifika Cape Town, wakapanda treni hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, na mbele hadi Fungurume, ambapo reli iliishia. Kutoka hapo hadi Sankisia ni karibu kilomita 235 za pori na milima. Boti zilikokotwa na mashine mbili za mvuke, na zilipokwama zilikokotwa na ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa zilikokotwa na watu. Ilibidi kujenga madaraja zaidi ya 100 na kuvuka milima ya Mitumba kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800. Safari hiyo ilichukua karibu wiki 6. Baadaye walipanda reli fupi hadi Bukama, wakashuka mto Lualaba, na mwisho reli ya kutoka Kabalo hadi Lukuga. Mwisho wa Oktoba waliliona ziwa.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya safari hiyo, na kila kitabu kinamsifu au kinamcheka Spicer-Simson. Lakini nani alikata miti? Nani alijaza mawe mabondeni? Ni mamia ya wanaume wa Katanga waliokusanywa vijijini. Mashine za mvuke zilipokosa maji katikati ya ukame, ni wanawake wa vijiji vya karibu waliotembea mbali na mitungi kichwani kuleta maji ili mashine zinywe. Majina ya boti tunayajua. Majina ya mama hao hatuna.

Huko Lukuga, Spicer-Simson alijifanya kuwa mtu mkubwa sana. Aliwadharau maofisa wa Kibelgiji waliompokea, ingawa inchi hiyo ilikuwa mikononi mwao na wao ndio waliomlisha. Katika joto alivaa sketi ya kaki iliyoshonwa na mke wake. Alioga hadharani, watu wakitazama michoro ya mwili wake. Waholoholo wa ufuo ule walimpa jina, Bwana Chifunga-tumbo, kwa sababu ya nguo ile. Waingereza waliandika kwamba watu walimwabudu. Anayewajua watu wa ziwa anafahamu kwamba jina la namna hiyo linaweza pia kutoka kwa watu wanaocheka.

Tarehe 22 na 23 Desemba boti zilishushwa majini. Noeli ikapita. Siku iliyofuata, tarehe 26 Desemba 1915, ilikuwa Jumapili. Asubuhi Spicer-Simson alikuwa akiongoza sala mbele ya watu wake. Katikati ya sala ujumbe ukaja kwamba chombo cha Wajerumani kinaonekana ziwani. Alimaliza sala bila haraka. Kisha akaamuru watu waende kwenye boti.

Chombo kile kilikuwa Kingani. Kilikuwa na mzinga mbele tu, hakikuweza kupiga nyuma, nazo Mimi na Toutou zilikuwa na mbio kukishinda. Pigano lilikwisha kwa dakika 11 hivi. Nahodha, Luteni Junge, alikufa na baadhi ya watu wake, na wengine wakashika bendera nyeupe. Watu ufuoni walitazama kutoka vilimani. Waingereza walikiziba chombo tundu wakakipa jina jipya, Fifi, wakakitia jeshini mwao.

Tukae kidogo hapa kabla ya kuendelea. Wale waliokuwa wanasali Lukuga walikuwa Wakristo. Wale waliokuwa ndani ya Kingani, siku moja baada ya Noeli, walitoka katika inchi ya Wakristo pia. Labda jana yake huko Kigoma waliimba nyimbo za kuzaliwa kwa Mwokozi uleule. Babu zetu waliona jambo hilo kwa macho yao. Wengi wao walikuwa bado hawajasikia Injili vizuri, na hivi ndivyo walivyowaona kwanza watu wa Kitabu.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta Kingani. Spicer-Simson alitoka akiwa ndani ya Fifi, pamoja na Mimi. Hedwig ikakimbia, ikafuatwa, ikapigwa, ikazama. Bendera yake ilitekwa. London ilishangilia sana, maana habari za vita huko Ulaya zilikuwa mbaya na watu walihitaji ushindi wa kuwafurahisha. Spicer-Simson akapewa nishani na Waingereza na Wabelgiji wote wawili.

Siku iliyofuata Graf von Götzen yenyewe ilitokea, ikipita taratibu kuwatafuta wenzake. Maofisa wake walitaka kutoka. Spicer-Simson alitazama kwa darubini na akakataa. Tangu siku hiyo kitu kilivunjika ndani yake. Aliondoka kwenda kutafuta meli kubwa zaidi akarudi baada ya miezi. Juni 1916 alitumwa kusini, Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa maji. Hakusogea karibu, na Wajerumani wakatoroka usiku kwa vyombo vyao. Wakubwa wa nchi kavu walimkasirikia. Aliugua, mwili na roho, na daktari akamrudisha Uingereza. Hakupewa tena kuongoza watu vitani.

Vita vya upande wetu viliamuliwa na wengine. Katika bonde la Ruzizi, Wabelgiji na Wajerumani walikuwa wameangaliana kwa mwaka mzima, kila mmoja katika mashimo yake ng'ambo ya mto. Septemba 1915 Wajerumani walishambulia Luvungi wakarudishwa. Juni 1916 kikosi cha Olsen, Mdenmaki aliyetumikia Wabelgiji, kilivuka na kuteka Usumbura tarehe 6, na Kitega tarehe 17. Ndege za kutua majini, zilizotolewa na Waingereza na kurushwa na Wabelgiji, ziliangusha mabomu Kigoma. Julai, Wajerumani walipoona Kigoma inaanguka, walipaka mashine za Graf von Götzen mafuta mazito, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo liliingia Tabora.

Tunasema jeshi la Wabelgiji, lakini askari walikuwa wana wa Kongo, na mbele ya kila askari alitembea mpagazi. Inakadiriwa kwamba watu 260,000 walibeba mizigo ya vita hivyo upande wa Wabelgiji. Walitolewa Kivu, Maniema, Katanga na kwingineko, wakavuka baridi ya milima ya Burundi na Rwanda bila nguo za kutosha. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na uchovu. Vijijini walibaki wanawake na wazee, na mashamba yasiyolimwa, na chakula kidogo kilichobaki kikachukuliwa kulisha jeshi. Maelfu hawakurudi.

Kisha wakubwa wakaketi tena mezani. Spicer-Simson alikuwapo huko Versailles mwaka 1919, akifanya kazi ya kutafsiri, kwa sababu ya Kifaransa chake. Wabelgiji walipewa Rwanda na Burundi. Waingereza walichukua Tanganyika pamoja na Kigoma na Tabora, miji ambayo watu wa Kongo walikuwa wamekufa kwa kuiteka. Mwaka 1921 Wabelgiji walipewa sehemu ya bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mpagazi wa Uvira alipata nini? Alipata kulipa kodi kama zamani.

Spicer-Simson alipewa kazi nzuri iliyomfaa. Tangu 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya vipimo vya bahari, huko Monaco. Huko mataifa yaliyopigana yalikaa pamoja kukubaliana juu ya ramani, ili meli za kila inchi zipite salama. Ni kazi isiyosimuliwa katika vitabu vya vita, lakini labda ndiyo bora aliyoifanya. Alikufa mwaka 1947 huko British Columbia, Kanada, mbali sana na Lukuga.

Na ile meli? Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji mwaka 1924. Kwa sababu Wajerumani walikuwa wameipaka mafuta vizuri, mashine zilikuwa bado nzima. Mwaka 1927 ilianza kubeba abiria na mizigo, ikapewa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa letu. Ni ileile iliyotuletea watu wetu Uvira mwaka 1997.

Ndugu, tunajifunza nini?

Tunakumbuka habari ya Ahabu na shamba la Nabothi. Mfalme alikuwa na mashamba mengi, akataka lile moja la jirani. Barua zikaandikwa, mihuri ikatiwa, watu wakaitwa kufunga na kukusanyika, yote yakaonekana halali. Aliyekufa ni Nabothi. Katika vita vya ziwa letu kulikuwa na wafalme zaidi ya mmoja, kila mmoja akiwa na barua na mihuri yake. Walipigana juu ya shamba ambalo halikuwa la yeyote kati yao.

Tusimfanye Spicer-Simson kuwa shetani. Alikuwa mtu mwenye majivuno na woga, kama wengi wetu. Aliongoza sala na akaimaliza kwa utulivu, muda mfupi baadaye akaua. Swali hilo linatuhusu sisi pia, tunaoishi ufuoni hapa na tumesikia bunduki mara nyingi kuliko tulivyotaka. Mtu anaweza kutoka kanisani Jumapili na kwenda kubeba silaha, au kwenda kuchochea kwa ulimi wake wale wanaozibeba. Sala iliyomalizwa vizuri haimtakasi mtu kwa kile anachokwenda kufanya nje ya mlango.

Mwaka 1921, miaka michache tu baada ya vita, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira, na makanisa yetu mengi yametokana na kazi ile. Walikuta inchi ya wajane na ya watu waliochoka. Injili ilikubaliwa na watu waliokuwa wameshaona Wakristo wakipigana. Tujiulize ilikuwaje wakaamini. Labda kwa sababu safari hii waliokuja na Kitabu hawakuja na mzinga.

Katika nyumba nyingi za Uvira, Mboko, Baraka na Kalemie bado kuna wazee waliosikia kutoka kwa babu zao habari za vita vya Wajerumani: nani alichukuliwa kubeba mzigo, nani hakurudi, mtumbwi wa nani ulivunjwa. Vijana, wakalieni chini muwaulize. Andikeni majina. Majina ya manahodha yameandikwa tayari.